Mmea wa kivulini na jamaa zake: maana ya uainishaji

Kwenye vitalu vya miche hapa Malindi kuna mmea mdogo ambao watu hununua wakauweke sebuleni. Ukiwa kwenye chungu haupiti goti, majani yake yamechanika vipande vyembamba mithili ya kuti, na haudai jua kali. Kila anayeuona huuliza: huu ni mnazi mchanga au mkindu? Nilimpelekea mama mmoja wa Lamu ambaye amesuka ukili na kushona mikeka tangu utotoni. Alipitisha kidole juu ya jani, akaligeuza, akasema, "Mwanangu, huu si ukindu. Ukindu wafumba juu, huu wafunika." Alikuwa ameshika alama ile ile ambayo wataalamu wa mimea hii huitazama mapema kabisa.

Jina lake la kisayansi ni Chamaedorea elegans. Kwao ni misitu ya Meksiko, Belize na Guatemala, ambako huishi tabaka la chini, kivulini mwa miti mirefu. Hata ukikomaa, kwa kawaida huishia mita mbili au tatu, na shina lake ni jembamba kama kidole, lina pete pete kama mwanzi. Mjerumani Carl Ludwig Willdenow aliipa jenasi yake, Chamaedorea, jina hilo mwaka 1806 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya zawadi iliyo karibu na ardhi, kwa kuwa matunda yake huning'inia pale mkono unapofika.

Sasa, kuainisha ni nini? Sisi huku pwani tuna mafungu yetu ya miti, nayo yana maana kubwa: wa kugema, wa kuezekea, wa kusukia. Hayo ni mafungu ya matumizi. Uainishaji wa kisayansi unauliza swali jingine, nalo ni la nasaba: nani alizaliwa na nani? Mtu wa Lamu hahitaji kufundishwa jambo hili, maana anajua kwamba ukoo una milango, mlango una nyumba, na ndani ya nyumba wako watoto wa tumbo moja. Mimea nayo ina familia, ndani yake nusufamilia, kisha kabila, jenasi na mwisho spishi. Na kama ilivyo kwa watu, wawili kufanana sura hakuthibitishi kwamba ni ndugu.

Familia yenyewe ni Arecaceae. Kiswahili cha kila siku hakina neno moja la kuikusanya minazi, mikindu, mikoma na mitende pamoja, kwa hiyo nitaiita jamaa ya mpopoo, na jina la Kilatini linaniunga mkono: Areca ni jenasi ya mpopoo, ule wa popoo inayotafunwa kwa tambuu. Ina spishi zaidi ya 2,500 duniani, zilizogawanywa katika nusufamilia tano.

Turudi kwenye jani, maana hapo ndipo penye utamu. Chukua jani la mkindu uangalie kila kipande kinaposhikana na uti wa kati. Kimekunjwa kama mtumbwi, tumbo likitazama juu. Tone la mvua laweza kutulia humo. Fanya hivyo hivyo kwa kuti la mnazi. Kipande chake kimekunjwa kama paa la nyumba, chelewa, ule uti wa kipande chenyewe, ikiwa kileleni na pande mbili zikishuka. Usiangalie huko nchani, maana jani hulegea na kukudanganya. Shika pale penye upongoo, yaani ule uti wa kati.

Kisha tazama mkoma. Jani lake limetanuka kama pepeo, halifanani hata kidogo na la mkindu, lakini mikunjo yake nayo ni ya mtumbwi. Ndivyo ilivyo: mkindu na mkoma wako nusufamilia moja, Coryphoideae, na mnazi uko mlango mwingine, Arecoideae, pamoja na mpopoo na mchikichi. Mkindu ni jamaa wa karibu zaidi wa mkoma kuliko wa mnazi, ingawa kwa mbali mkindu na mnazi ndio waliovaa nguo moja. Wasusi waliokuwa wakiweka ukindu na miyaa, yaani majani ya mkoma, pamoja hawakuwa mbali na ukweli.

Ule mmea wa sebuleni una mikunjo ya paa, kwa hiyo si mkindu. Lakini alama moja haitoshi kukata shauri. Una miti dume na miti jike mbalimbali, jambo ambalo mkindu na mtende pia wanalo, ilhali mnazi hubeba maua ya kiume na ya kike kwenye karara moja. Ukifuata jinsia peke yake utapotea. Hata wakubwa wa fani walihangaika: mwaka 1987 Natalie Uhl na John Dransfield waliweka kundi hili katika Ceroxyloideae. Vinasaba vilipochunguzwa likahamishwa, na katika mpangilio wa 2008 limo Arecoideae, mlango wa mnazi. Kwa hiyo anayeuliza kama huu ni mnazi amekosea spishi, lakini ameulenga mlango.

Majina nayo yaliwahi kuwa mengi. Mtaalamu wa mimea Martius aliueleza mwaka 1830, na baadaye wengine wakauita Collinia elegans na Neanthe bella, jina ambalo wauzaji bado wanalo midomoni. Kanuni ni kwamba wakishakubaliana ni spishi moja, neno la spishi lililotangulia kuchapishwa kihalali ndilo linalobaki. Ndiyo maana "elegans" imedumu.

Kilichonigusa zaidi ni kabila lake. Jenasi Chamaedorea ina spishi zaidi ya 100, zote za bara la Amerika, lakini kabila hilo lina jenasi nyingine iliyo katika bahari yetu hii ya Hindi: Hyophorbe, yenye spishi tano za Morisi, Réunion na Rodrigues. Mmoja wao una shina lililovimba kama chupa na hupandwa kwa pambo katika nchi nyingi za joto. Mwingine, Hyophorbe amaricaulis, umebaki mti mmoja tu duniani, katika bustani ya mimea ya Curepipe, Morisi, umezungushiwa uzio. Hutoa maua ya kiume na ya kike, lakini hayafunguki kwa wakati mmoja.