Maji ya Nakuru, dawa ya meno na meno ya mtoto wa chekechea

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wa hapa Nakuru halihusu sukari. Ni hili: "Daktari, na hii maji yetu, si dawa ya meno itamharibu mtoto zaidi?"

Anayeuliza ana sababu. Pengine alikulia Njoro, Rongai au upande wa Elementaita, akanywa maji ya kisima tangu utotoni, na sasa meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, kwa chumvi wala kwa mkaa. Ameambiwa kilichomfanya hivyo ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji hayo. Akisoma pakiti ya dawa ya meno anakutana na floraidi tena. Basi anaiweka kando, na mtoto anasuguliwa meno kwa maji matupu, au hasuguliwi kabisa mpaka aanze shule. Mtoto huyo anakuja kuniona akiwa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, meno manne ya mbele ya juu yamebaki vigutu vyeusi, halali usiku.

Madoa ya kahawia na kuoza kwa meno ni magonjwa mawili tofauti. Hapa kwetu tumeyachanganya, na meno ya watoto ndiyo yanayolipa.

Madoa hutokea jino likiwa bado limo ndani ya taya, wakati enameli yake, yaani gamba gumu la nje, inajengwa. Ni kama kitambaa kilichoharibika rangi kiwandani kabla hakijafika kwa fundi. Huwezi kukifua kikarudi. Meno ya mbele ya kudumu huanza kujengwa mtoto akiwa mchanga na kazi hiyo huendelea hadi miaka 4 au 5, ingawa hutayaona mdomoni kabla ya miaka 6 au 7. Maji anayokunywa mtoto wa miaka 2 leo utayaona kwenye tabasamu lake akiwa Gredi ya 2. Meno ya maziwa huathirika kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya enameli yake hujengwa kabla ya kuzaliwa na miezi michache baadaye. Ukiyaona madoa kwenye meno ya maziwa, mara nyingi yatakuwa kwenye magego ya nyuma.

Kuoza ni kinyume chake. Huanzia nje, kwenye jino lililokwisha kuota. Bakteria wanaokaa kwenye utando wa meno hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo hunyonya madini ya enameli. Enameli ya meno ya maziwa ni nyembamba, kwa hiyo safari ya kutoka doa dogo hadi kwenye neva ni fupi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta karibu nusu ya watoto wa miaka 5 nchini Kenya wana meno yaliyooza. Na msidhani floraidi ya kisima inawakinga wetu: mtoto anayelala na chupa ya chai mdomoni huoza meno hata akiishi kando ya kisima chenye floraidi kupindukia.

Sasa tufanye hesabu, maana hofu hii hupungua mtu akiona tarakimu. Dawa ya meno ya ppm 1000 ina miligramu 1 ya floraidi katika kila gramu. Mtoto wa chini ya miaka 3 anahitaji kiasi cha punje ya mchele, ambacho ni takriban gramu 0.1. Akisuguliwa asubuhi na usiku, na akameza yote bila kutema hata kidogo, amepata miligramu 0.2 kwa siku.

Maji je? Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Bonde la Ufa limekaa juu ya miamba ya volkeno, na viko visima vinavyopita kikomo hicho mara kadhaa. Tuseme chenu kina miligramu 4. Mtoto anayekunywa lita moja kwa siku, ukihesabu na maji yaliyopikiwa uji na chai, amepata miligramu 4. Hiyo ni mara 20 ya alichokipata kwenye mswaki. Ukiiondoa dawa ya meno umepunguza kitu kidogo mno upande wa madoa, na umemnyang'anya mtoto kinga yake kubwa upande wa kuoza.

Hesabu hii inasimama tu kama mkamuaji ni mtu mzima. Mswaki uliojazwa kutoka ncha hadi ncha, kama wanavyoonyesha kwenye matangazo ya televisheni, hubeba gramu nzima, na dawa yenye ladha ya stroberi mtoto huila kama peremende. Iweke juu ya kabati. Akifika miaka 3 ongeza hadi ukubwa wa punje ya minji, na mfundishe kutema bila kusukutua kwa maji. Angalia pia nambari kwenye pakiti. Baadhi ya dawa zinazouzwa kama za watoto zina floraidi ndogo mno au hazina kabisa, na bei yake ni kubwa kuliko ile ya familia nzima. Tafuta iliyoandikwa ppm 1000 au zaidi. Katuni kwenye pakiti haina maana yoyote.

Mwenye hofu ya madoa ashughulike na maji. Kuchemsha hakutoi floraidi. Mvuke ukitoka, floraidi inabaki sufuriani na kwa kweli inazidi kukolea. Dawa ya klorini huua vijidudu lakini haiigusi floraidi. Mkaa wa kupikia nao hausaidii. Kinachofanya kazi ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo Jimbo Katoliki la Nakuru limelishughulikia kwa miaka mingi katika eneo hili, mradi mkaa wenyewe ubadilishwe ukichoka. Kama mnanunua maji ya kisima cha mtu binafsi, mwulizeni ripoti ya maabara. Akikosa jibu mjue la kufanya.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Najua tangi la nyumba nyingi halifiki hata Februari, na ndiyo sababu nashauri yasigawanywe sawa. Yaliyokingwa kwenye mabati yatunzwe kwa ajili ya walio chini ya miaka 5: maji yao ya kunywa, uji wao, maziwa yao ya kopo. Maji hayo yachemshwe kwanza. Baba anaweza kuendelea na kisima, enameli yake ilikwisha kujengwa zamani. Na mama anayenyonyesha asiwe na wasiwasi, kwa sababu floraidi kidogo sana ndiyo hupenya hadi kwenye maziwa ya mama, hata akinywa maji ya kisima. Magadi mnayotia kwenye maharagwe na mrenda yana floraidi pia. Chakula cha mtoto mdogo kitolewe kabla hayajatiwa.

Hayo yakiisha, ndipo tunafika kwenye sukari, ambako meno ya mtoto hupotelea.

Wazazi huniapia kwamba mtoto hali peremende. Huwa ninawaamini. Ninauliza kuhusu chai. Mtoto wa Nakuru hunywa chai ya maziwa yenye sukari asubuhi kwa mandazi, tena saa nne na biskuti, tena jioni, na baadhi yao huipata kwenye chupa ya kulalia. Kila mara sukari inapoingia, asidi hushambulia jino kwa muda wa nusu saa au zaidi kabla mate hayajaisafisha. Vijiko viwili vya sukari vikinywewa kwa mkupuo mmoja mezani vina madhara madogo kuliko kijiko kimoja kinachonyonywa kidogo kidogo asubuhi nzima. Usiku ni mbaya zaidi kwa kuwa mate hupungua mtu akilala. Ndiyo maana chupa ya kulalia ndiyo kitu cha kwanza ninachoomba kiondolewe, kabla ya jambo lingine lolote. Iwe na maji tu, na akifikisha mwaka mmoja ahamie kikombe. Kama mnaanza leo, punguzeni sukari kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi, kelele zitakuwa chache. Dawa za maji za kikohozi nazo nyingi zina sukari. Mtoto akinywa usiku, asuguliwe meno baadaye.

Na shosho anayemshinda kila mtu kwa upole, anayempa mjukuu juisi ya pakiti akirudi kutoka nasari? Simpingi. Ninaomba ampe pamoja na chakula cha mchana badala ya kumwachia ainyonye hadi saa kumi. Shosho wengi hukubali mpango huo. Dada wa nyumbani aelezwe vivyo hivyo, naye aje kliniki ikiwezekana, kwa kuwa ndiye aliye na mtoto mchana kutwa.

Mswaki uanze jino la kwanza likiota, karibu miezi 6. Mtoto wa chekechea hawezi kujisugua vizuri, hata akilia kwamba anaweza. Mwacheni ajaribu, kisha mtu mzima amalizie, na hivyo hadi miaka 7 au 8. Mlaze kichwa mapajani mwako ukiwa umeketi kitandani, taa iwake, inua mdomo wa juu kwa kidole. Kama kuna siku mmechoka na mtafanya mara moja tu, iwe usiku.

Hapo hapo ukiinua mdomo, tazama. Mstari mweupe kama chaki, usiong'aa, unaofuata ufizi wa meno ya mbele, ni mwanzo wa kuoza. Madoa ya floraidi hutawanyika juu ya jino kama mawingu au michirizi, na jino la kulia hufanana na la kushoto. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu mstari wa chaki bado unaweza kurudi nyuma: tunaupaka vanishi ya floraidi kila baada ya miezi mitatu hadi sita, chupa ya usiku inakoma, madini yanarejea. Utazame kila mwezi, na mtoto afike kwa daktari wa meno kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Akiwa na uvimbe usoni na homa, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Shimo likishatokea, si lazima tukimbilie koleo. Ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha pamoja na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2021 kwenye orodha yake ya dawa muhimu, sambamba na dawa ya meno ya floraidi. Haina sindano wala kuchimba. Tunaipaka kwa dakika moja hivi na mara nyingi kuoza kunasimama. Gharama yake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tii. Wazazi wengine hukataa, hasa kwa meno ya mbele, nami sigombani nao, ila nawakumbusha kwamba meno hayo ya mbele yataanguka mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8. Magego ya maziwa ndiyo yenye safari ndefu, hukaa hadi miaka 10 hadi 12, kwa hiyo hayo nayapigania zaidi.

Nyuma ya magego hayo, karibu miaka 6, huota gego la kwanza la kudumu. Halisubiri jino lolote ling'oke, na wazazi wengi hulidhania kuwa la maziwa. Likichungulia, mlete mtoto: mifereji yake tunaweza kuiziba kwa utando wa kinga kabla haijaanza kuoza.