Ryż: herufi moja inayofichua njia ya neno

Kwa Kipolandi mpunga ni ryż, mchele ni ryż, na wali nao ni ryż. Anayetaka kutofautisha huongeza kivumishi: ryż niełuskany haujakobolewa, ryż gotowany umepikwa. Polandi si nchi ya wakulima wa mpunga. Nafaka ilifika kama bidhaa, na jina likaja na mzigo.

Chimbuko liko mbali. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina vrīhi, na Kipashto, lugha ya jamii ya Kiirani, kina wriže. Wagiriki walilipokea kutoka upande huo wakaandika óryza. O ya mwanzo kwa kawaida huelezwa kuwa imeshika nafasi ya w ya kigeni. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, anautaja mpunga kwa umbo la jina hilo, óryzon. Kilatini kikalichukua, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, akaliingiza katika sayansi mwaka 1753: Oryza sativa. Kutoka Kilatini tunapata riso ya Kiitaliano, ris ya Kifaransa cha zamani, kisha rīs ya Kijerumani cha Kati (kile cha Zama za Kati), ambayo leo ni Reis. Ruzz ya Kiarabu ni ya ukoo huohuo, ila ilishika njia nyingine hadi arroz ya Kihispania.

Kamusi nyingi huishia kusema "kutoka Kijerumani". Hilo halitoshi. Kijerumani kina s, sasa ż imetoka wapi?

Jibu liko kwenye matamshi ya kale. Kijerumani cha Kati kilikuwa na sauti mbili za aina ya s. Ile ya rīs ilitamkwa ulimi ukiwa umerudi nyuma kidogo, ikawa kati ya s na sh. Waslavi, yaani Wapolandi na jamaa zao wa lugha, waliposikia hivyo walichagua sauti yao iliyokaribia zaidi, sz (karibu na sh) au ż (sz yenye mtetemo wa koo). Ndiyo maana Segel, tanga la chombo, likawa żagiel, na Sold, ujira wa askari, likawa żołd. Sauti ile nyingine, s kavu iliyoandikwa z katika müezen (kulazimika), ilibaki s: musieć. Kwangu mimi ushahidi huu una nguvu kuliko mfanano wowote wa maana, kwa sababu unajirudia kwa utaratibu. Irabu nayo inasaidia: ryż inafuata rīs ya zamani, si Reis yenye irabu mbili.

Majirani wanaonyesha muhuri uleule, kwani ž na zs zao ni sauti jirani na ż: rýže ya Kicheki, ryža ya Kislovakia, rizs ya Kihungari. Linganisha na oriz ya Kibulgaria, iliyopita kwa Wagiriki, au pirinač ya Kiserbia, iliyopita kwa Waturuki. Warusi walikopa ris baadaye. Zamani waliuita mchele "mtama wa Wasaraseni" (jina la kale la Waarabu na Waislamu), jina ninalolipenda kuliko yote.

Kwa anayejifunza, tabu huanza mwishoni mwa neno. Kipolandi huondoa ughuna, yaani mtetemo wa koo, wa konsonanti ya mwisho, kwa hiyo ryż husikika kama rysz. Ukisita kuandika ż au sz, weka neno katika umbo la umilikishi: kilogram ryżu, kilo ya mchele. Hapo irabu inafuata na ughuna unarudi. Kipimo hiki hakikuokoi na rz, ambayo leo inatamkwa sawa na ż. Hiyo ni ya kukariri.

Sh ya Kiswahili pia haitoshi. Inua ncha ya ulimi nyuma ya ufizi wa juu, sauti iwe nzito. Ukiinua sehemu ya kati ya ulimi kuelekea kaakaa, sauti inalainika na utakuwa umesema ryś, mnyama wa jamii ya paka. Usiongeze irabu mwishoni, ingawa ulimi wetu huitaka.

Mtego mbaya zaidi ni kivumishi. Cha mchele ni ryżowy: zupa ryżowa ni supu ya mchele. Ryży ni neno jingine kabisa, la asili ya Kislavi na ndugu wa rudy, lenye maana ya rangi ya kutu, hasa ya nywele, na mara nyingi lina dharau kidogo. Ukiagiza ryża zupa, mhudumu atasikia supu ya rangi ya kutu.