Ukame wa gemu ni nini?

Kuna kibanda cha gemu karibu na soko la Arua, Uganda: PlayStation mbili, kochi lililochanika, padi nne, moja imezungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme. Vijana wanalipa kwa mechi. Nilipomuuliza mwenye kibanda kwa nini anaweka gemu za mpira tu, alicheka. Gemu zipo tele, akaniambia, za kumshika mteja ndizo chache.

Huo ndio ukame wa gemu. Mashine ya gemu inauzwa vizuri, duka lake la mtandaoni limejaa, lakini miezi inapita bila kutoka gemu nzito, ile ambayo mtu yuko tayari kununua mashine kwa ajili yake.

Wengi hudhani mashine ikishauzwa sana, studio zote zinazotengeneza gemu zitaikimbilia. Wii ya Nintendo ilitoka mwishoni mwa 2006 ikauzwa zaidi ya milioni 101, ikawaacha nyuma wapinzani wake, PS3 (PlayStation ya tatu) ya Sony na Xbox 360 ya Microsoft. Hata hivyo gemu nyingi kubwa za miaka ile hazikuifikia kabisa. Nguvu yake haikupishana sana na ya mashine za kizazi kilichotangulia, na picha zake hazikufika HD, yaani picha kali. Studio iliyokwisha kutengeneza gemu ya PS3 na Xbox 360 ingelazimika kuijenga karibu upya ili ikae kwenye Wii. Halafu kulikuwa na wanunuzi wenyewe. Katika nchi nyingi gemu ya michezo, Wii Sports, ilikuja ndani ya boksi, na kuna familia zilizocheza tenisi na boulingi sebuleni zikatosheka. Mtu wa namna hiyo anahesabika kwenye mauzo ya mashine, lakini studio ya gemu nzito haipati kitu kwake. Kwangu mimi hii ndiyo sababu inayosahaulika kuliko zote.

Nintendo walikuwa wameshaonja ukame kabla ya hapo. Nintendo 64 ya 1996 iling'ang'ania kaseti, kile kikasha cha plastiki chenye chipu ya gemu ndani, wakati PlayStation inatumia CD. Kaseti ilikuwa ghali kutengeneza, na kubwa kabisa ilibeba megabaiti 64, huku CD moja ikibeba zaidi ya 600. Studio ya Square wakaihamishia gemu yao Final Fantasy VII kwenye PlayStation, ikatoka 1997 kwa CD tatu.

Siku hizi kinachokwamisha zaidi ni muda. Gemu kubwa hula miaka mitano au zaidi na mamia ya wafanyakazi, kwa hiyo studio moja inaweza kutoa gemu mpya moja tu katika maisha yote ya mashine. Pengo linazibwa na za zamani zilizopakwa rangi: GTA V ilitoka kwa PS3 mwaka 2013, kwa PS4 mwaka 2014, kwa PS5 mwaka 2022. Na gemu mpya nayo ni kamari, na kamari huliwa. Sony walitoa gemu mpya, Concord, tarehe 23 Agosti 2024, wakaizima tarehe 6 Septemba na kurudisha pesa za watu. Miaka ya kazi, wiki mbili sokoni.

Pale Arua ukame huu hauonekani sana, maana mpira una toleo jipya kila mwaka, na hata la mwaka juzi bado linajaza kochi. Anayeumia ni yule aliyejibana akanunua PS5 yake ya nyumbani, na jioni anarudi kibandani kulipia mechi.