Sebule iliyopendeza na sebule inayotuliza: dhana potofu na ukweli

Fundi akishamaliza jipsamu na taa za kuzunguka dari, wageni husema sebule "imetulia". Imependeza, hilo halina ubishi. Ila ukikaa humo saa nane mchana, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mwezi wa pili, ndipo utajua kama imetulia kweli.

Eti mimea ya ndani husafisha hewa. Hii ina asili yake. Mwaka 1989 watafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, waliweka mimea ndani ya masanduku ya majaribio yasiyopitisha hewa, wakaona baadhi ya kemikali zinapungua. Habari ikasambaa, na hadi inawafikia wauza maua, lile neno "yasiyopitisha hewa" lilishadondoka njiani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia tafiti za aina hiyo na kukokotoa kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili kufanya kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka katika jengo la kawaida. Kochi utaliweka wapi? Fungua dirisha.

Wapo pia wanaotoa chungu cha maua chumbani kila usiku, wakihofia mmea utawamalizia oksijeni. Mmea hupumua, kweli, lakini mwenzako kitandani anatumia oksijeni nyingi kuushinda kwa mbali, na hakuna anayemtoa nje.

Faida ya kijani ipo machoni. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala vyumba vyenye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema zaidi, tena walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Kwa hiyo kabla hujakata mwarobaini ulio mbele ya dirisha ili umwage pevingi uwanja mzima, fikiri mara mbili.

Eti kuna rangi inayotuliza hasira. Mwaka 1979 gereza moja la jeshi la majini huko Seattle lilipaka chumba cha mahabusu rangi ya waridi, na ikadaiwa kuwa wafungwa walipoa. Jaribio lililofanywa kwa umakini zaidi katika gereza la Uswisi, matokeo yake yakachapishwa 2015, halikuona tofauti hiyo. Paka rangi unayoipenda. Cha kuangalia zaidi ni mng'ao: ukuta mweupe wa rangi ya kung'aa, ukipigwa na jua la saa kumi, unaumiza macho.

Eti taa nyeupe ndiyo taa nzuri. Jikoni, sawa. Chumbani usiku, mwanga mweupe wenye ubluu huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi. Soma boksi la balbu: 6500K ni ile nyeupe kali, 2700K hadi 3000K ni ya njano, ya jioni. Mara nyingi bei hazipishani sana.

Eti pangaboi hupoza chumba. Hupoza ngozi yako, kwa kukausha jasho haraka. Chumba kitupu chenye pangaboi linalozunguka kina joto lilelile, pamoja na bili ya umeme. Joto la chumba linataka upepo upite, na hapo ndipo madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yalipotuangusha: likifunguliwa lote, nusu yake bado imezibwa na kioo. Yale ya luva tuliyoyang'oa kwa kuwa ya kizamani yalikuwa yanafunguka karibu yote.

Eti ukiondoa vitu vingi, utulivu unakuja wenyewe. Nusu ya kweli. Kabati lisilomwaga vitu hupumzisha akili. Lakini sebule ya vigae, jipsamu na kuta tupu huurudisha mlio wa kijiko kama kengele, na watoto watatu wakiwa humo hata televisheni husikii. Zulia, mapazia mazito na mito hunyonya sauti. Mkeka nao husaidia, japo kidogo.

Eti nyumba ya kutuliza ni mambo ya kigeni. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na daka la kupokelea mgeni bila kumwingiza ndani, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, cha kuleta mwanga na hewa, na njia ya kuingilia iliyopindishwa ili mpita njia asichungulie. Kuta zao nene ziliyazuia makelele ya mtaani.

Na udi? Choma, lakini moshi ni moshi, hata ukinukia, na chembe zake laini huingia mapafuni. Acha dirisha wazi. Dawa ya mbu ya kuchoma ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa huteketea usiku kucha karibu na kitanda. Chandarua hakitoi moshi.