Chanjo ya ng'ombe iliyoirudisha migunga Serengeti

Wageni wanaofika Serengeti hupenda kusema wameiona nchi ilivyokuwa tangu enzi na enzi. Mimi mtu wa ikolojia huwa natabasamu tu. Migunga mingi michanga wanayoipiga picha imepanda juu baada ya miaka ya 1960, na iliyoisaidia ni chanjo ya ng'ombe.

Sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe na jamaa zao wa porini, iliifikia Afrika Mashariki kuelekea 1890. Ng'ombe wa Wamaasai waliteketea karibu wote, nyati na nyumbu vilevile. Kwa miongo kadhaa iliyofuata ugonjwa uliendelea kuua ndama wa nyumbu. Ng'ombe wa kandokando ya mbuga walipochanjwa, kufikia 1963 hivi sotoka ikawatoka nyumbu pia, bila hata mmoja wao kudungwa sindano! Mwaka 1961 walikuwa kama 250,000. Mwaka 1977 walikaribia milioni 1.4, mvua nzuri za kiangazi nazo zikiwa zimechangia.

Midomo yote hiyo inakula nyasi, na nyasi kavu ndizo kuni za moto wa mbugani; zikipungua, moto nao hupungua. Mche wa mgunga ukiungua haufi: hukatika usawa wa udongo, ukachipua mzizini, ukaungua tena mwaka unaofuata. Unaweza kukaa hivyo miaka mingi bila kuvuka goti la mtu. Upe misimu michache bila moto, utapita kimo cha ndimi za moto, na hapo umekuwa mti. Simba na fisi nao waliongezeka, maana nyama ilikuwa tele.

Lakini nyanda za kusini hazikuota miti. Majivu ya volkano yamejenga pale tabaka gumu chini ya udongo, mizizi mikubwa haipenyi. Udongo wa juu una rutuba, ndiyo maana nyumbu huenda kuzalia huko. Inama utazame: katikati ya nyasi fupi kuna vimea vidogo vya kila namna, vingine na maua madogo mno. Zungushia kipande hicho uzio nyumbu wasile, nyasi zitarefuka na kuvinyima jua, navyo vitapungua. Anayekula ndiye anayewapa wengine nafasi.

Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Siku hizi kinachowazuia nyumbu wasizidi ni uhaba wa nyasi za kiangazi, kwa hiyo mimi naiangalia zaidi mvua ya kaskazini, wanakokimbilia kiangazi, na Mto Mara.