Usiusugue mfupa wa babu

"Nimeuosha vizuri ndiyo uuone." Nikiisikia kauli hiyo tena, nafunga ofisi hii ya kutambua visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Mtu anakunjua gazeti mezani, ndani mna mfupa alioachiwa na marehemu babu yake, umepigwa msasa na vanishi hadi unang'aa kama mguu wa kochi. Eti ukiwa safi thamani inapanda.

Inashuka. Udongo ule ulioganda kwenye nyufa ndio ungetuonyesha mfupa umetoka tabaka gani. Kipimo cha umri kwa kaboni hakifiki mbali, huishia kama miaka 50,000. Visukuku vingi vya Turkana hupimwa umri kwa jivu la volkano lililo juu na chini yake. Ndivyo ilivyojulikana kwamba Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 pale Nariokotome, ana takriban miaka milioni 1.5. Yeye alikutwa kwenye tabaka lake. Mfupa wako umetoka kabatini, na msasa umefuta hata alama za meno ya fisi, ambazo mimi huzitafuta kabla ya kuuliza ni mnyama gani.

Brashi laini, kavu, basi. Halafu leta boksi lenyewe na karatasi zake zote. Kijikaratasi chenye neno "Rusinga", kisiwa chenye visukuku, kwa mwandiko wa babu nakithamini kuliko nusu ya mifupa ninayoletewa. Waulize shangazi zako pia: mzee alifanya kazi wapi, barabarani, machimboni, au kwa watafiti?

Mengine kwa ufupi. "Ni dinosauri." Visukuku vyao vipo Turkana, lakini mara nyingi ulichobeba ni gego la tembo, lile lenye matuta yaliyopangana. "Kikinata ulimini ni kisukuku." Mfupa mkavu wa ng'ombe nao hunata. "Nikichome nione?" Tafadhali, usikichome.

Na bei? Watu wamesikia dinosauri T. rex aitwaye Stan aliuzwa New York mwaka 2020 kwa dola milioni 31.8. Huyo alichimbwa Marekani, katika shamba la mtu binafsi. Kwetu Kenya, kwa sheria ya 2006, visukuku vilivyo ardhini ni mali ya Serikali, na hata kimoja hakivuki mpaka bila kibali. Nitakuandikia ni kitu gani, bei sitaandika. Kisha kipeleke Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, Nairobi.

Ikiwa ni pembe ya ndovu wa juzi tu, usinifungulie. Nenda KWS, shirika la wanyamapori.