Uwanja wa ndege wa Montserrat haukumezwa na lava

Wengi bado husimulia kwamba uwanja wa ndege wa W. H. Bramble, kwenye kisiwa kidogo cha Montserrat huko Karibi, ulifunikwa na mto wa lava. Sisi tuliosikia habari za Goma mwaka 2002, pale lava ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, twaona jambo hilo ni la kawaida. Lakini Montserrat mambo yalikuwa mengine.

Lava ya Soufrière Hills, volkano ya Montserrat, ni nzito mno, haitiririki kama ya Nyiragongo. Hutoka taratibu na kurundikana juu ya mlima kama kichuguu kikubwa. Rundo likilemewa, huporomoka, na hapo ndipo hatari ilipo: wingu la majivu, gesi na mawe ya moto, lenye joto la mamia ya nyuzi, hushuka bondeni kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hakuna mtu awezaye kulikimbia.

Tarehe 25 Juni 1997 wingu la namna hiyo liliua watu 19 na kuishia karibu kabisa na uwanja, ukafungwa. Septemba mwaka huohuo jingine likaliharibu jengo la abiria.

Tofauti hii si ya maneno tu. Anayengoja kuona lava ikijongea polepole ndipo ahame, kwenye mlima wa aina hii atakuwa amechelewa.

Uwanja mpya, upande wa kaskazini, ulifunguliwa mwaka 2005.